Kendwa, Paje au Diani kwa wazazi wanaotimiza miaka 40 ya ndoa?

Kijana wa Kibosho

Habari za leo, ndugu zangu. Wazazi wangu walifunga ndoa tarehe 26 Aprili 1986, na sisi watoto wao wanne tumechanga fedha ili wakapumzike siku nne katika hoteli ya kifahari ya ufukweni. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi alipostaafu, mama analima kahawa na migomba, na tangu tuzaliwe hatujawahi kuwaona wakilala nje ya nyumba yao kwa ajili ya kupumzika tu. Tumebakiwa na hoteli tatu, moja Kendwa na moja Paje, zote Unguja, Zanzibar, na moja Diani, Kenya. Zote zina picha nzuri, na maoni ya wageni waliotangulia yanasifu na kulaumu mambo yale yale. Naomba mwenye uzoefu anieleze ni wapi huduma ni bora, kwa sababu tunatakiwa kulipa malipo ya awali kabla ya Ijumaa.

Nahodha wa Mkokotoni

Kaka, umeuliza habari ya huduma lakini hukusema wazazi wanakwenda lini, kama wanaogelea, wala kama miguu yao inastahimili ngazi. Bila hayo, kila atakayekujibu atakusifia hoteli aliyolala yeye.

Mimi nitasema la bahari kwanza, kwa sababu ndiyo mnayoilipia. Paje na Jambiani zinatazama mashariki, na maji ya ndani ya mwamba ni madogo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Unguja hufikia mita 4 hivi. Yakipwa, ufuo hubaki mtupu hadi mbali, na mgeni aliyetarajia kuogelea hukuta mchanga, vidimbwi na mashamba ya mwani ya akina mama kwa saa kadhaa. Wapo wanaolaumu hoteli kwa jambo hilo, na hoteli haina kosa isipokuwa kwamba haikuwaeleza mapema. Kendwa iko upande wa magharibi wa ncha ya kaskazini, maji hayaendi mbali, mtu huingia baharini karibu saa yoyote, na jioni hulitazama jua likizama mbele yake.

Kijana wa Kibosho

Shikamoo Nahodha, na samahani kwa kuandika kwa haraka. Tunataka waondoke tarehe 24 Aprili na kurudi tarehe 28. Hawajui kuogelea, ingawa mama anatamani kukanyaga maji ya bahari. Goti lake la kulia linamsumbua na hawezi kupanda ngazi nyingi. Kwa malazi na chakula cha watu wawili tumetenga shilingi 4,500,000. Tunaishi Moshi.

Nahodha wa Mkokotoni

Marahaba, kaka. Mwezi utafika nusu mnamo tarehe 24, kwa hiyo siku zenu zitaangukia maji mafu na bahari ya Paje haitakimbia sana. Hiyo ni heri. Lakini mmechagua katikati ya masika, na mvua yetu ya Aprili hainyeshi kwa saa moja ikapita.

Mhudumu Mstaafu

Nilifanya kazi katika kumbi za chakula za hoteli za Zanzibar kwa miaka 17, na ningependa kijana huyu alifikirie jambo la mwezi wa safari kabla ya jina la mahali. Aprili na Mei ndiyo miezi ambayo baadhi ya hoteli hufunga ili kupaka rangi na kuezeka makuti mapya. Zile zinazobaki wazi hupunguza bei, na hilo ni jema, lakini huwapa wafanyakazi wengi likizo na kuwasimamisha vibarua wa msimu. Utakuta hoteli ya vyumba 100 yenye wageni 20, mkahawa mmoja umefunguliwa kati ya minne, na kijana mmoja anapokea simu, anabeba mizigo na kupeleka chakula vyumbani. Kijana huyo hawezi kuwa mhudumu mbaya hata akitaka, maana hana nafasi ya kupumua, ila mgeni atasubiri tu.

Msizitegemee nyota kupita kiasi. Katika Afrika Mashariki vipo vigezo vya pamoja vya kupanga hoteli katika madaraja, na kwa sehemu kubwa vinahesabu vitu vinavyoonekana: ukubwa wa chumba, maji ya moto, idadi ya mikahawa, saa za mapokezi kuwa wazi. Namna mzee atakavyopokewa akishuka kwenye gari haihesabiki kwa urahisi.

Pigeni simu wenyewe, tena mara mbili, asubuhi na saa 3 usiku. Ulizeni ni mikahawa mingapi itafunguliwa tarehe hizo, chumba cha chini kina ngazi ngapi kutoka mlangoni hadi ukumbi wa chakula, na zamu ya usiku inasimamiwa na nani. Atakayejibu swali la ngazi kwa kwenda kuzihesabu, mpeni fedha zenu.

Dada wa Kinondoni

Nimesoma swali la ngazi nikaweka simu chini, kwa sababu ndipo msiba wangu ulipoanzia.

Mwaka 2019 nilimpeleka mama mkwe wangu, aliyekuwa na umri wa miaka 71, katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja ambayo sitaitaja. Nilikuwa nimelipia chumba cha chini kinachotazama bahari, na barua ya kuthibitisha nilikuwa nayo mkononi. Tulipofika, kijana wa mapokezi alitazama kompyuta kwa muda mrefu, kisha akatupa ufunguo wa chumba cha ghorofa ya pili kinachotazama maegesho ya magari. Nilipomwonyesha barua, alisema chumba chetu kilikuwa kimeharibika bomba. Wakati tunazungumza, liliingia kundi la wageni kutoka Ulaya, wakapewa vitambaa vyenye unyevu wa baridi na madafu yaliyokwisha kuchongwa. Mama alikuwa ameketi kwenye kochi lile lile na hakuna aliyemletea hata maji, mpaka nilipoomba.

Hayo ningeyasahau. Siku ya pili, alfajiri, mama alitoka peke yake kutembea ufukweni. Aliporudi, mlinzi wa lango la upande wa bahari alimzuia, akamwambia kwamba wauza bidhaa hawaruhusiwi kupita hapo. Mama alikuwa amefunga kanga kiunoni, pindo limelowa hadi magotini, kandambili mkono mmoja na simbi tatu mkono wa pili alizomwokotea mjukuu wake. Ufunguo wa chumba ulikuwa kwangu. Alisimama juani, na wageni wawili wa Kizungu wakapita mbele yake wakiwa na mavazi ya kuogelea tu bila kuulizwa wao ni nani, hadi mtunza bustani aliyetuona tukifika jana yake alipokuja kumtambulisha.

Nilimwendea meneja. Alinisikiliza vizuri, akaniomba radhi, na jioni tukaletewa bakuli la matunda na kadi ya pole. Kadi ilikuwa na jina la mgeni mwingine.

Lakini lazima niseme na hili, kwa kuwa nalo ni kweli. Mama wa kutunza vyumba alipopata habari, alikuja baada ya zamu yake akiwa amekwisha kuvua sare, akakaa na mama barazani hadi magharibi wakizungumza habari za watoto na uzazi. Alikuja tena kesho yake. Mpaka leo mama mkwe akikumbuka safari ile, anamtaja yule mama kabla ya yule mlinzi, na mimi bado siwezi.

Mama Rahma, Likoni

Hamjambo wote. Dada, pole sana, na usidhani kwamba mambo hayo yako Unguja peke yake, maana hata huku Kenya walinzi wa upande wa bahari wamefundishwa kuwazuia wachuuzi na huwa wanaitazama rangi kabla ya kumtazama mtu. Siku hizi hoteli nyingi huwafunga wageni utepe mkononi, na ningewashauri wazazi wasiuvue hata wakienda kuoga.

Pamoja na hayo, mimi nasema Diani. Kutoka Moshi mnapita Holili na Taveta, mnashika Voi hadi Mombasa, na siku hizi ipo barabara ya Dongo Kundu ya kuwatoa moja kwa moja upande wa kusini bila kusubiri feri ya Likoni. Mkija na gari lenu, msisahau kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvukia mpaka. Hoteli nyingi za Diani zimejengwa juu ya eneo tambarare chini ya miti, mchanga ni mpana, na wazazi wataona mbega wakiruka juu ya paa. Wakichoka na bahari, Kaya Kinondo iko karibu, ni miongoni mwa kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na wazee wenyewe ndio wanaowatembeza wageni. Na ulizeni kama asubuhi kuna mahamri na mbaazi. Hoteli inayowapa wageni chakula cha watu wa mahali pale, mara nyingi huwa inawaheshimu watu wenyewe.

Tena wakifika tu, wampe mhudumu wao bahshishi siku ya kwanza. Wataona tofauti.

Mhudumu Mstaafu

Mama Rahma, nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Bahshishi ya siku ya kwanza inamfundisha mhudumu kwamba mzee aliyekuja bila noti mkononi anaweza kusubiri. Hoteli nzuri zina sanduku la bahshishi karibu na mapokezi, na fedha hugawanywa kwa wote, pamoja na mfuaji wa mashuka na muosha vyombo ambao mgeni hawaoni kamwe. Anayetaka kushukuru ashukuru siku ya kuondoka, na ampe yule aliyemtendea jema.

Mama Rahma, Likoni

Na sanduku hilo hufunguliwa na nani? Mdogo wangu alifua mashuka miaka 6 katika hoteli moja ya huku, na kila mwisho wa mwezi waliambiwa kwamba sanduku lilikuwa na kidogo sana. Mimi nitaendelea kumpa mtu mkononi mwake, nikimtazama usoni.

Mhudumu Mstaafu

Katika hoteli tulizofungua mbele ya wafanyakazi watatu waliochaguliwa na wenzao, halikuwahi kuwa na kidogo. Palipofunguliwa na mhasibu peke yake, maneno yako ni kweli, na sitayapinga.

Nahodha wa Mkokotoni

Turudi kwa wazazi wa kijana. Nani atafuatana nao? Safari ya boti kutoka Dar es Salaam ni ya saa 2 hivi, na kusi likianza kuvuma bahari ya mkondo huchafuka. Kwa asiyezoea, afadhali ndege kutoka Kilimanjaro. Na wakifika ufukweni watakutana na mapapasi wanaouza safari za pomboo na ushanga. Si watu wabaya, wengi wanatafuta riziki, lakini mzee mpole hajui kumkatalia mtu aliyemsalimia kwa adabu.

Kijana wa Kibosho

Nawashukuru nyote, na shikamoo kwa wakubwa wangu. Dada wa Kinondoni, nilimsomea mke wangu simulizi yako na tukanyamaza kwa muda. Tulikuwa tumepanga wazazi waende wawili peke yao, lakini sasa dada yetu mdogo atafuatana nao, na itabidi tuongeze fedha za chumba cha pili.

Nimepiga simu kama nilivyoshauriwa. Hoteli ya Paje ilisema mikahawa yote itakuwa wazi, kisha jioni mtu mwingine akaniambia utafunguliwa mmoja. Ya Kendwa ilinijibu kwa Kiingereza hata baada ya mimi kuzungumza Kiswahili, na swali la ngazi wakasema watanitumia barua, ambayo sijaipata. Ya Diani alipokea dada mmoja, akaniomba nisubiri, nikasikia viatu vyake vikitembea, akarudi na kusema ni ngazi 3 na kuna mteremko wa kiti cha magurudumu kando yake. Lakini alinieleza kwa uaminifu kwamba bwawa litakuwa kwenye matengenezo hadi tarehe 30.

Nilimuuliza mama, bila kumwambia ni wapi, kama angependa kuliona jua likichomoza baharini au likizama. Alisema likichomoza, kwa sababu baba huamka saa 11 alfajiri na hana la kufanya. Baba naye anauliza kwa nini tusisogeze safari hadi Juni shule zitakapofunga ili wajukuu waje.

Mtoto wa Pangani

Mkisogeza hadi Juni na wajukuu wakiwemo, fedha hizo hazitatosha katika hoteli yoyote kati ya hizo tatu. Fikirieni Ushongo, kusini ya mto Pangani. Hakuna mpaka wa kuvuka wala ndege ya kupanda, mnashuka kwa barabara ya Korogwe na Muheza, na hoteli zake ni ndogo kiasi kwamba mpishi mwenyewe huja mezani kuuliza samaki amekubalika vipi. Bahari inatazama mashariki, jua linachomoza pale pale. Si ya kifahari kwa kipimo cha nyota, nakiri.

Nahodha wa Mkokotoni

Juni kusi litakuwa limeshika, na upande huo wa bara mawimbi yatafika hadi kwenye minazi. Kijana, hiyo Ijumaa ni lazima mlipe, au mnaweza kuomba wiki moja zaidi?

Kijana wa Kibosho

Diani wamekubali hadi Jumatatu. Kendwa bado sijapata barua yao.