Naomba ushauri: kudhibiti udanganyifu na nakala haramu kwenye seva ya Minecraft

Ndugu wanachama, habari zenu. Ninasimamia seva ndogo ya Minecraft (mchezo wa kompyuta), toleo la Java, na ninaomba ushauri wa wenye uzoefu kuhusu mambo mawili yaliyoshikana.

Baadhi ya wachezaji wananishinikiza nizime uhakiki wa akaunti ili wasionunua mchezo nao waingie. Tatizo ni kwamba uhakiki huo ukizimwa, seva humtambua mchezaji kwa jina alilojiandikia tu, hivyo mtu yeyote anaweza kuingia kwa jina la msimamizi na kupata mamlaka yake yote, isipokuwa kuwe na programu ya ziada inayodai nywila. Isitoshe, aliyefungiwa hurudi kwa jina jipya, kwa kuwa akaunti haimgharimu chochote. Mimi naegemea kukataa, hata kama wengine wataondoka.

Jambo la pili ni wadanganyifu wenyewe. Wanaoruka angani au kupiga kutoka mbali kupita kiasi seva inaweza kuwakagua, lakini kuona madini kupitia mawe hufanyika kwenye kompyuta ya mchezaji. Najua Paper, programu ya kuendeshea seva ya Minecraft, ina kinga yenye namna mbili kuu: kuyaficha madini yaliyofunikwa na mawe, au kuyachanganya na ya uongo. Je, kwa mlioitumia, hiyo ya pili inaongeza sana mzigo wa mtandao? Na kufungia anwani ya IP (namba ya muunganisho wa mtandao wa mchezaji) kunasaidia kwa kiasi gani, ikiwa VPN, huduma ya kuficha anwani hiyo, huibadilisha papo hapo, na anwani moja yaweza kutumiwa na watu wengi wasiohusika?