Madalali wameandika cherehani zangu kwa deni la bwanangu, nifanye nini?

FundiWaBondeni (Nakuru)
Jameni habari zenu, nisaidieni mawazo maana tangu Jumanne sijalala. Bwanangu aligonga mtu na pikipiki mwaka juzi na bima ilikuwa imeisha, kesi ikaenda akashindwa, mimi hakuniambia kitu mpaka madalali wakasimama mlangoni kwa duka langu. Karatasi ya korti iko na jina lake lakini walichoandika ni vitu vyangu, cherehani mbili, ovaloki, pasi, hadi meza ya kukatia kitambaa. Mmoja alikuwa ameweka karatasi juu ya sweta za shule zenye hata sijaweka vifungo, akiandikia hapo. Wamesema siku 7 asipolipa wanakuja na lori. Hizo mashine nimenunua na pesa ya chama na ya kushona, yeye ni mtu wa mjengo. Tena niko na kaploti Njoro nilinunua kabla nimjue, taito ni jina langu. Shemeji anasema nihamishe kila kitu haraka kwa jina la mamangu. Nifanye hivyo?

NyarKondele
Pole sana dada. Usihamishe! Mimi hapa Kisumu waliniandikia friza ya samaki kwa deni la mzee. Risiti ilikuwa imefifia hata herufi hazisomeki, nikarudi kwa duka wakaniandikia ingine na muhuri, nikatoa na statement ya M-Pesa ya siku nililipa, wakili akapeleka pingamizi kortini, yaani kusema friza ni yangu si ya mzee, na friza ikabaki. Lakini nilikimbia siku ile ile, usingoje ya saba.

KaraniMstaafu (Kakamega)
Mama, dada hapo juu amesema ukweli. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inampa mke haki ya kuwa na mali yake na kushtaki au kushtakiwa kwa jina lake, na kitu ulichopata kabla ya ndoa si mali ya ndoa, kwa hivyo ploti ya Njoro tulia. Kwa mashine ndio kuna kazi, kwa sababu kilichonunuliwa mkiwa kwa ndoa kwa jina la mmoja kinachukuliwa kwanza kuwa anamshikia na mwenzake, mpaka uonyeshe vingine. Hapo ndio risiti zinaingia, daftari ya chama, na leseni ya biashara ya kaunti kama iko na jina lako. Pingamizi iko kwa Kanuni za Kesi za Madai za 2010, Amri ya 22 kanuni ya 51, unapeleka notisi na ombi na hati ya kiapo, na korti inaweza kusimamisha mnada kwa siku zisizozidi 14 ili yule anayemdai bwanako ajibu. Ukihamisha leo, hakimu atauliza kama ni vyako ulikuwa unakimbia nini. Na vitanda, nguo na sufuria za kupikia hawaruhusiwi kuchukua hata kama ni za bwana.

BabaTwins_Eldy
Lakini asidhani kila deni la bwana haliwezi kumfikia. Lile la faida ya ndoa, tuseme la kujenga nyumba mnayokaa, sheria hiyo hiyo inasema mnagawana sawa. Na kama ulitia sahihi kuwa mdhamini hiyo ni yako kabisa. Dada ulisign kitu?

FundiWaBondeni
Sijasign chochote, na nyumba ni ya kukodi. Leo nimepekua sanduku lote, risiti ya ovaloki iko na leseni ya kaunti ni jina langu. Cherehani moja nilinunua kwa mama mwingine hapa mtaani bila risiti, nimeenda kwake amekubali kuapa kuwa mimi ndio nilimlipa. Bwanangu pia amesema ataapa duka si lake, ameketi hapa ananitazama nikishona. Kesho saa mbili tuko kwa wakili.

NyarKondele
Beba na hiyo karatasi yenye waliandikia vitu, ya kwangu niliisahau nyumbani wakanirudisha.