Kwaya ya ridhaa ilifufuaje Mateso ya Bach? Habari za Sing-Akademie ya Berlin

Mwanakwaya wa Besi:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Naimba besi katika kwaya ya parokia, ambako sote tunajifunza kwa nota za solfa jioni baada ya kazi. Katika semina moja ya walimu wa kwaya tulielezwa kwamba Mateso ya Bwana kadiri ya Mathayo, kazi ya mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach, yalikuwa yamesahauliwa hadi kijana wa miaka 20, Felix Mendelssohn, alipoyafufua mjini Berlin tarehe 11 Machi 1829. Kinachonitatiza ni kwamba sisi huhitaji miezi kuimudu moteti (wimbo wa kidini wa kwaya) fupi ya sauti nne, na kazi ile ina kwaya mbili zinazojibizana. Walioimba siku ile walikuwa akina nani, na waliwezaje?

Mwalimu wa Kwaya:
Ndugu yangu, jibu limo katika miaka 38 iliyotangulia tamasha lile. Waliosimama kuimba, watu wapatao 150, walikuwa wanachama wa Sing-Akademie, kwaya ya ridhaa iliyoanzishwa mwaka 1791 na Carl Friedrich Christian Fasch, aliyekuwa mpiga hapsikodi (kinanda cha zamani cha nyuzi) wa mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia. Fasch alivutiwa na misa ya sauti 16 ya Mwitalia Orazio Benevoli, akatunga na yake ya sauti 16. Kwa kuwa hakuridhika na jinsi waimbaji wa mfalme walivyoijaribu, hatimaye aliwageukia watu wa mjini, akawafundisha kwanza majumbani na kisha, tangu 1793, katika ukumbi wa Akademia ya Sanaa, ambako kwaya ilipata jina lake.

Hawakukusanyika kwa ajili ya tamasha. Walikutana kila wiki, na kwa miaka mingi mazoezi yenyewe ndiyo yaliyokuwa kusudi lao. Moteti za Bach ziliingia katika mazoezi hayo tangu enzi za Fasch. Alipofariki mwaka 1800, wanachama walikuwa wamezidi 100, na uongozi ukashikwa na mwanafunzi wake, Carl Friedrich Zelter, ambaye kazi aliyoirithi kwa baba yake ilikuwa uashi. Zelter aliwapitisha waimbaji katika sehemu za Misa kubwa ya Bach na hata za Mateso yenyewe, ingawa hakuamini kwamba hadhira ingeyapokea. Mendelssohn na dada yake Fanny walijiunga mwaka 1820, wakiwa bado watoto, kwa hiyo alipomwendea Zelter pamoja na mwimbaji Eduard Devrient kuomba ruhusa, aliikuta kwaya ambayo masikio yake yalikwisha kuizoea lugha ya Bach. Kusema kwamba kijana mmoja alifufua kazi hii peke yake ni kuwanyima haki watu waliokuwa wakiinakili na kuiimba bila malipo kabla yeye hajazaliwa, au akiwa bado mtoto.

Mwimbaji wa Alto:
Nakubaliana na mwalimu, ila naomba jina la Sara Levy lisiachwe. Alikuwa mdogo wake bibi mzaa mama wa Mendelssohn, kwa hiyo kwetu sisi naye angeitwa bibi. Alifundishwa hapsikodi na Wilhelm Friedemann, mwana wa kwanza wa Bach, akapiga pamoja na wanamuziki wa Sing-Akademie, na akaizawadia maktaba ya kwaya miswada mingi ya ukoo huo. Dada yake, Bella Salomon, ndiye aliyempa mjukuu wake nakala ya Mateso. Tena, sauti ya kwanza na ya pili katika kwaya hii ziliimbwa na wanawake tangu mwanzo, katika zama ambazo makanisa mengi yaliwatumia wavulana.

Tusidhani pia kwamba wasikilizaji wa 1829 waliisikia kazi nzima. Mendelssohn alikata aria nyingi, yaani nyimbo za mwimbaji mmoja, na akaweka klarineti mahali pa obo, ala nyingine ya kupuliza, za aina ya zamani ambazo hazikuwa zikitumika tena.

Mwanakwaya wa Besi:
Asanteni sana, mwalimu na dada. Je, nota hizo walizozikusanya zipo hadi leo?

Msomaji wa Nyaraka:
Zipo, ingawa kwa zaidi ya nusu karne wengi walikwisha kukata tamaa. Mwaka 1943 maktaba ya kwaya ilihamishiwa Silesia, eneo la mashariki ya Ujerumani ya wakati huo, ili inusurike na mabomu, na baada ya vita ikachukuliwa na Wasovieti hadi Kyiv. Huko ndiko mtaalamu wa Bach, Christoph Wolff, pamoja na wenzake, walikoitambua mwaka 1999, na mwaka 2001 ikarejeshwa Berlin. Ina vitu zaidi ya 5,000, vingi vikiwa vya kuandikwa kwa mkono, zikiwemo kazi za mababu wa Bach za karne ya 17.

Kwangu mimi hazina kuu ni miswada ya Carl Philipp Emanuel Bach, mwana mwingine wa Bach, ambaye Fasch alifanya naye kazi kwa mfalme. Mateso aliyoyaandaa mwaka baada ya mwaka kwa makanisa ya Hamburg yalidhaniwa yamepotea. Sasa yamechapishwa, na kwaya yoyote yenye subira inaweza kuyaimba.