Mutesa wa kwanza alikuwa na dini gani hasa?

Kato_wa_Ndeeba: Wadau habari zenu, jana hapa steji ya boda tumebishana mpaka abiria wakatukimbia, mmoja anasema Kabaka Mutesa I, yule mfalme wa Buganda wa zamani, alikuwa Mwislamu, mwingine anasema ndiye aliyewaita Wazungu walete Ukristo. Sasa nani anasema kweli?

binti_kibuli: Wote ssebo. Alianza kufunga Ramadhani 1867 na akaendelea miaka kama 10, akajenga msikiti, Kiarabu akajifunza na Kiswahili kinampanda. Ila kutahiriwa alikataa katakata, damu ya Kabaka haimwagwi bwana. 1876 vijana wa ikulu waliosoma dini wakasusa nyama yake eti aliyechinja hajatahiriwa, akaona wamemdharau, akaamuru wauawe huko Namugongo. Namugongo hiyo hiyo ya akina Karoli Lwanga, wale Wakristo waliochomwa 1886 chini ya mwanawe Mwanga, lakini hawa Waislamu nani anawataja kila 3 Juni, Siku ya Mashahidi?

Mzee Okello: Dini gani, ile ilikuwa siasa! Misri ilikuwa inakuja kusini kwa kufuata Nile inataka kumeza nchi, yeye anatafuta bunduki na marafiki. Stanley yule mpelelezi Mzungu alipofika 1875 akamsikiliza weee, barua ya kuita wamishonari ikaenda gazetini London, 1877 wakaja Waprotestanti, 1879 Wakatoliki, halafu Mackay wa Waprotestanti na padri Lourdel wa Wakatoliki wanabishana mbele yake yeye amekaa anawatazama tu.

nakku256: Mzee hapo sikubaliani na wewe, mtu anayetaka bunduki tu hawezi kushinda njaa Ramadhani miaka yote hiyo. Na Stanley alimwachia kijana Muftaa aliyesomeshwa na wamishonari Zanzibar, kazi yake ni kumsomea Biblia, tena kwa Kiswahili. Mimi naona alipenda sana hoja za dini, shida ni masharti, Waislamu wanataka atahiriwe, Wakristo wanataka abaki na mke mmoja, Kabaka mwenye wake wengi vile! Mwisho wa 1879 akiwa mgonjwa akamleta ikulu mtu anayepandwa na lubaale Mukasa, yaani mungu wa jadi wa Waganda, baraza likasema turudi kwa mambo ya mababu. Akafa Oktoba 1884 hajabatizwa.

Kato_wa_Ndeeba: Banange, kumbe na yule mzee wa steji aliyesema lubaale tukamcheka alikuwa na pointi. Nampelekea simu asome mwenyewe.

Mzee Okello: Mwambie na za bunduki asiruke.