Naombeni ushauri: mbwa niliyemwokoa bado ananiogopa, wiki ya tano sasa

Mama Neema wa Kihonda (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Niko Morogoro, Kihonda. Nyumba ya tatu kutoka kwangu alikuwepo jirani aliyehamia Dodoma mwezi wa pili. Alihama na kila kitu, mbwa akamwacha amefungwa mnyororo chini ya mwembe, kwamba kuna kijana atakuwa anapita kumlisha. Kijana alipita siku mbili tatu, basi. Nikaanza kumtupia ugali kupitia ua wa michongoma. Masika yalipoanza kuna usiku mvua ilipiga mpaka alfajiri na mbwa yuko palepale analowa. Asubuhi nikampigia jirani simu. Akanijibu, "Kama unamtaka mchukue." Nikamchukua.

Ni dume, wanasema ana miaka mitatu. Rangi yake ya karanga, nyayo za mbele nyeupe. Shingoni ana kidonda, mnyororo ulishaanza kuingia kwenye nyama.

Sasa hii ni wiki ya tano na anaishi nyuma ya tenki la maji. Kati ya tenki na ukuta kuna mwanya mwembamba, kajibana humo. Mchana hatoki. Anakula watu wakishalala, nasikia bakuli linagonga sakafu saa nane huko usiku. Nikiwasha taa tu, kimya. Nikimsogelea anajikunyata, mkia unaingia tumboni, anatetemeka mpaka nasikia meno yanagongana. Hajawahi kubweka hata mara moja. Nikimwita jina lake, Simba, ndiyo anazidi kujibana. Akiona ufagio anajikojolea.

Nimejitahidi jamani. Kila jioni naenda kukaa mbele ya ule mwanya, naongea naye, namwangalia machoni ajue sina ubaya. Namnyooshea mkono anuse. Juzi nikajaribu kumvuta polepole apate jua kidogo, akanionyesha meno. Hakuniuma, ila Baba Neema aliona, na tuna mtoto wa miaka sita. Anasema apewe mtu mwenye shamba huko Mvomero, au arudishwe alikotoka. Kurudishwa kwa nani sasa?

Je, mbwa mkubwa hivi anaweza kubadilika? Na nikimpa mtu mwingine, nitakuwa nimemsaidia au nimemtupa mara ya pili?

Kamanda wa Kitaa

Pole dada, ila samaki mkunje angali mbichi. Huyo ameshakauka. Una mtoto mdogo ndani, usiweke roho ya mbwa mbele ya mtoto. Mpe huyo wa shamba, wewe tafuta mbwa wa miezi miwili umlee mwenyewe akuzoee.

Mzee wa Mabanda

Mwanangu, mimi nafuga mbwa hapa Arusha tangu hujaolewa, na wengi walikuja kwangu wakiwa kama huyo wako. Umefanya jambo jema sana kumtoa kwenye ule mnyororo. Ila nikuambie ukweli: hayo unayomfanyia kila jioni ndiyo yanayomtisha.

Kumkodolea mbwa macho ni kumtangazia ugomvi. Wewe unamwonyesha upendo, yeye anaona mtu mkubwa amemzibia njia pekee ya kutokea na anamkazia macho. Mkono unaonyooshwa kwake ni mkono uleule uliokuwa unashika fimbo. Hajui kwamba mwenye mkono amebadilika.

Kuanzia kesho usimwendee. Chukua mkeka, uweke hatua nane au kumi kutoka kwenye tenki, ukae umempa mgongo au ubavu. Njoo na kazi yako, chambua mchele, menya viazi. Usimwite. Ukiondoka, acha vipande viwili vitatu vya maini pale ulipokaa. Kesho yake fanya hivyohivyo, saa ileile. Mkeka usiusogeze karibu mpaka uone vipande vinaliwa kabla hujafika mlangoni.

Ule mwanya ni nyumba yake, usimtoe. Msukumie gunia kavu alalie. Na jina hilo achana nalo kabisa. Inaonekana kila alipoitwa Simba palifuata kipigo. Mpe jina jipya, na mlitamke wakati wa chakula tu.

Halafu hayo meno. Kukuonyesha meno bila kuuma ni heshima amekupa. Amekuambia, "Mama, hapo inatosha." Ukimwadhibu kwa hilo, siku nyingine ataruka hatua hiyo aende moja kwa moja kwenye kuuma.

Rongai Mpenda Mbwa

Dada pole sana. Mimi niko Ongata Rongai, wangu nilimchukua KSPCA, shirika la Kenya la kutunza wanyama, kule barabara ya Lang'ata. Wafugaji wa mbwa waliookolewa wana msemo: siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu. Siku tatu za kwanza anakuwa hajui yuko wapi. Wiki tatu anaanza kujua ratiba ya nyumba. Miezi mitatu ndiyo anaanza kuona hapa ni kwake. Na hiyo ni kwa mbwa wa kawaida, mwenye woga kama huyo anaweza kuhitaji mara mbili ya hapo. Wangu alikaa chini ya kitanda wiki saba. Wiki tano bado ni mapema, usikate tamaa.

Kitu kimoja tu: geti. Wakiogopa hawa hukimbia, na ukiwaita hawageuki tena nyuma. Funga geti kama una dhahabu ndani.

Daktari wa Ng'ombe na Kuku

Mimi ni daktari wa mifugo. Mzee amesema vizuri, naongeza ya upande wangu.

La kwanza kabisa ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama hujui historia yake, hesabu kwamba hajawahi kuchanjwa. Ongea na ofisa mifugo wa kata aje nyumbani, au kwa kuwa uko Morogoro, hospitali ya wanyama pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, iko karibu nawe. Mara nyingi kunakuwa na chanjo za bure karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, lakini usisubiri mpaka huko. Na ikitokea ameuma au amekwaruza mtu, hata kidogo, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo. Msipake mafuta ya taa wala majani. Mbwa afungiwe na aangaliwe siku 10. Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa binadamu ni kifo, lakini chanjo ikiwahi unazuilika kabisa.

Pili, kidonda. Mbwa mwenye maumivu hawezi kukuamini, kila anayemsogelea anamtonesha. Usimfunge chochote shingoni. Baadaye atavaa mkanda wa kifuani. Daktari atakayekuja anaweza kukupa dawa ya kuchanganya kwenye chakula, ya maumivu na ya minyoo, bila kumkamata. Kupe pia waangaliwe, ila tafadhali usimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe iliyopimwa kwa macho. Nimepokea mbwa wengi walioumizwa na hiyo.

Tatu, chakula ndicho kipimo chako. Mbwa aliyejaa hofu hali hata umpe nyama. Akila ukiwa hatua kumi, hapo ndipo anapovumilia. Ukisogea hatua nane akaacha kula, rudi kumi. Na angalia dalili ndogo kabla ya meno: kulamba pua wakati hakuna chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza uso, weupe wa jicho kuonekana pembeni, mwili kuganda. Hayo yote ni "niache".

Kuhusu mtoto: asiende nyuma ya tenki hata kidogo, asimguse akila wala akilala, asikimbie karibu naye. Mbwa akimsogelea, Neema asimame kama mti, mikono chini, aangalie pembeni. Na asiachwe naye peke yake, hata mbwa akishazoea.

Swali la Mvomero. Kumpa mtu mwingine si dhambi. Kama nyumbani kwenu hamwezi kumtenga na mtoto, nyumba tulivu isiyo na watoto ni msaada wa kweli kwake. Lakini muulize huyo mtu: atamfungulia au atamfunga mnyororo? Anamtaka mbwa huyu, au anataka mlinzi? Kama anataka mlinzi, huyu atafeli na atapigwa. Kila makazi mapya hesabu inaanza upya. Alichofanyiwa chini ya ule mwembe kinakatazwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, sasa asipelekwe chini ya mwembe mwingine.

Binti Pangani

Mama Neema, Mungu akulipe. Kwetu sisi Waislamu mbwa hakai ndani, na mate yake yana taratibu zake za kutwaharisha, kwa hiyo wengi wanadhani kumtesa ni ruhusa. Si ruhusa. Tumefundishwa madrasa habari za mtu aliyemkuta mbwa anahema kwa kiu, akashuka kisimani akachota maji kwa kiatu chake akamnywesha, na akasamehewa dhambi zake. Babu yangu alikuwa akimwekea mbwa wa mtaani maji kwenye kifuu nje ya ua, kila alasiri. Endelea, dada.

Mama Neema wa Kihonda

Wakuu nimesoma yote, nimelia. Sikujua kama mimi ndiye niliyekuwa namtisha.

Nimeanza mkeka. Mtoto kampa jina Karanga. Daktari, ofisa mifugo anakuja Jumatano. Baba Neema amekubali tumpe mpaka mwisho wa mwezi wa saba, kisha tuongee tena.

Mama Neema wa Kihonda (wiki ya nane)

Leo nilitaka kufa. Muuza maziwa aliacha geti wazi. Natoka jikoni, bakuli limejaa, nyuma ya tenki hakuna mtu.

Nimezunguka Kihonda nzima naita. Kijana mmoja wa bodaboda ndiye aliyenielekeza. Karanga alikuwa amerudi kule kwenye mwembe. Nyumba ile imefungwa, mnyororo bado umelala pale, na chini ni udongo mtupu, duara lilelile alilokuwa analizunguka, hakuna hata jani. Amelala katikati ya duara. Hajafungwa na chochote.

Sijui kwa nini hilo limeniuma kuliko kidonda chake.

Nilitaka kumkimbilia nikamkumbuka Mzee. Nikakaa chini nje ya duara, nikampa mgongo. Nilikuwa na dagaa kwenye kanga. Nikawa natupa mmoja mmoja nyuma yangu bila kugeuka. Wa kwanza hajala. Wa pili hajala. Baada ya muda mrefu nikasikia majani yanachakacha, na dagaa anatafunwa. Giza lilipoanza kuingia nikainuka, nikaanza kutembea kuelekea nyumbani taratibu, naangusha dagaa kila hatua kadhaa. Sikuangalia nyuma mpaka nimefika getini.

Alikuwa nyuma yangu, kama hatua kumi. Nimeliacha geti wazi nikaenda kukaa kwenye mkeka. Ameingia mwenyewe.

Mzee wa Mabanda

Mwanangu, huyo amekwishachagua. Sasa usimharakishe.

Kamanda wa Kitaa

Dada, nilikujibu vibaya kule juu. Nisamehe. Hilo geti weka komeo la ndani, la kujifunga lenyewe. Mimi ni fundi, niko Msamvu. Nikipata picha ya geti nitakutengenezea, gharama ni chuma tu.

Mama Neema wa Kihonda (mwezi wa saba)

Nimerudi na habari.

Karanga amechanjwa. Mara ya kwanza daktari alirudi bila kumgusa, akaacha dawa za kuchanganya kwenye chakula. Aliporudi mara ya pili tukaweza. Kidonda kimefunga na manyoya yameota meupe pale mnyororo ulipopita, kama amevaa kola. Komeo la Kamanda liko getini, asante sana ndugu yangu.

Mkeka sasa uko hatua mbili kutoka kwenye tenki. Wiki iliyopita nilikuwa napepeta mchele, mgongo kwake kama kawaida. Nikasikia pumzi sikioni. Nikaganda na ungo mkononi. Akaninusa nywele, bega, akashuka mpaka kwenye kiwiko, pua ya baridi. Akabaki hapo. Nilimkuna chini ya kidevu kidogo, nikaacha, apate nafasi ya kuondoka. Hakuondoka. Akausukuma mkono wangu kwa pua.

Ufagio bado hautaki, kwa hiyo nafagia akiwa anakula upande wa pili. Mlio wa kufungua mkanda wa suruali pia, tuligundua baadaye. Baba Neema siku hizi anavua mkanda wake chumbani mlango ukiwa umefungwa, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Habari za Mvomero hazisemwi tena.

Juzi kipupwe kilikuwa kikali. Nilipofungua mlango wa jikoni alfajiri nikamkuta amelala kwenye kizingiti, ametugeuzia mgongo, anaangalia geti. Nilimruka nikaenda kuwasha moto, na hakuinuka. Gunia lake nyuma ya tenki nimelianika, jioni nimelirudisha palepale.

Daktari, naomba kuuliza: mkanda wa kifuani nianze kumvalisha sasa, au niuache kwanza sakafuni auzoee kwa kunusa?

Daktari wa Ng'ombe na Kuku

Sakafuni kwanza, karibu na bakuli. Wiki nzima.