Tanuri la plazma kwa taka za sumu: tulitake au tuliache?

Mleta mada:
Wakuu, kila baada ya muda linaibuka hili la mtambo wa plazma: eti unameza taka zote, hautoi moshi, na juu yake unazalisha umeme. Tulijadili bila ushabiki. Mimi naunga mkono nusu tu.

Umeme mkali unaruka kati ya elektrodi, yaani ncha mbili za kupitishia umeme, gesi inayopita hapo inageuka plazma, ndugu yake radi, joto la maelfu ya nyuzi. Kiuatilifu au mafuta ya transfoma yanavunjika hadi kuwa gesi nyepesi. Mchanga na vyuma vinayeyuka, vikipoa vinakuwa jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Si porojo. Morcenx, Ufaransa, wanayeyusha asbesto, zile nyuzi za mabati ya zamani zinazoharibu mapafu, kwa njia hii. Würenlingen, Uswisi, wanaingiza tanurini mapipa ya lita 200 ya taka zenye mionzi hafifu, pipa zima na mfuniko wake.

Ninapogoma ni kwenye umeme. Tees Valley, Uingereza, kampuni ya Air Products ilijenga mitambo miwili ya plazma ya kugeuza taka za kawaida kuwa umeme, kila mmoja wa megawati 50 hivi. Aprili 2016 ikanyoosha mikono, hasara karibu dola bilioni 1. Ottawa, Kanada, jiji lilivunja mkataba wa aina hiyo mwaka 2015. Na hao taka zao ni makaratasi na plastiki! Zetu ni maganda ya ndizi na maboga yaliyooza, maji matupu. Utachoma umeme kukausha maji ili upate umeme.

Kwa hiyo nasema tanuri dogo, la sumu sugu peke yake. Mnaikumbuka Vikuge, kule Kibaha, hapa kwetu Tanzania? Mwaka 1986 zilishushwa takribani tani 170 za viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki, vingine tayari vimepitwa na muda. Vikalala bandani miaka, mvua ikafanya yake, udongo ukanywa sumu. Ethiopia walifungasha vya kwao wakavisafirisha hadi Finland vikachomwe. Tutasafirisha mpaka lini?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, mimi nashika taka za hospitali kila siku, hospitali yenyewe siitaji. Kichomea taka chetu ni cha matofali, kiko nyuma ya wodi. Juzi nimefungua mlango wa majivu: sindano bado zina ncha zake, mipira ya dripu imeyeyuka ikashikana na vichupa vya dawa, bonge moja. Kuni zilikuwa mbichi. Halafu kwenye boksi la sindano ndugu wa mgonjwa ametupia chupa ya juisi. Sasa hiyo plazma itanisaidia nini kama kutenganisha tu kumetushinda? Nipeni mtungi wa mvuke wa presha, vijidudu vife, sindano zisagwe, basi.

Mchangiaji wa pili:
Niko Mombasa. Mtaa wa Owino Uhuru tuliona kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilivyoacha madini ya risasi kwenye damu za watoto. Mahakama mwaka 2020 ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Risasi haiungui, ndugu yangu. Hata uipe joto kali kiasi gani, itabaki risasi. Hiyo plazma inaipeleka wapi? Na la pili: ukishakuwa na tanuri, wenye taka huko nje wataliona. Mkataba wa Bamako wa 1991 unakataza kuingiza taka hatarishi Afrika, lakini Abidjan, Ivory Coast, walimwagiwa taka za sumu kutoka melini mwaka 2006, na mkataba upo.

Mleta mada:
Kwa risasi umenishika. Nyingine hufungwa ndani ya lile jiwe, nyingine hupanda na moshi pamoja na zebaki, na vumbi la vichujio lazima lizikwe kwenye shimo lililosakafiwa. Tena gesi isipopozwa haraka, dioksini, sumu kali ya moshi wa taka, hujiunda upya humohumo. Anayewaambia hautoi chochote anawauzia.

Ndugu wa hospitali, nimeondoa sindano kwenye hoja yangu. Mvuke unatosha, na ni nafuu mno.

La Abidjan sikubali moja kwa moja. Kule walimwaga usiku mahali pasipo na tanuri lolote. Kukosa mtambo hakukuwakinga. Ila naafiki kwamba liandikwe sheriani: taka za hapa tu.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Elektrodi zinalika, matofali ya ndani yanalika, na vyote vinaagizwa kwa dola. Na umeme wetu mnaujua. Ukikatika pipa likiwa limeyeyuka nusu, kile kioo kinagandia tanurini. Kuna yeyote humu aliyefanya kazi kiwanda cha nondo? Umeme ukikatika chuma kikiwa ndani, huwa mnakitoaje?