Hotuba ya Novemba 1978: "kumpiga" nani?

Swali: Ndugu zangu, nimeisikiliza tena hotuba ya Mwalimu Nyerere baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera. Je, maneno "uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo" yalikuwa hoja, au yalikusudiwa kuamsha hasira tu?

Jibu la 1: Tazama kiambishi -m- katika "kumpiga". Kinamlenga mtu mmoja, si wananchi wa Uganda, na kwangu huo ndio uzito wa kimaadili wa hotuba hiyo, kwa kuwa jirani hakugeuzwa kuwa adui.

Jibu la 2: Nakubali, lakini mizinga haikumwangukia Amin peke yake. Tena neno "nduli", aliloitwa wakati ule, lilifunga mlango wa mazungumzo, maana nani atakaa meza moja na nduli?

Muuliza swali: Ahsanteni. Linalonisumbua zaidi ni neno "sababu": kuikomboa Kagera kulijitosheleza, ilhali safari ya kwenda Kampala, iliyotwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, ilihitaji sababu nyingine, nayo wananchi walistahili kuelezwa kwa uwazi uleule.